Shangazi Juu ya Mawe

Yapo magari ya aina moja ambayo hayamo katika orodha ya kiwanda chochote duniani. Ni magari yaliyofunguliwa na mtu aliyekusudia kuyafufua, yakaachwa nusu mwili nusu vipande, kisha yakauzwa vivyo hivyo kwa mtu wa pili, na wa pili akamuuzia wa tatu. Injini iko pembe moja ya banda, milango imeegemezwa ukutani, viti vimefunikwa magunia, na vitu vidogo vidogo vimejazwa katika maboksi na makopo ya biskuti. Nchini Uingereza, ambako mapenzi ya magari ya kale yamekuwa sehemu ya utamaduni wa watu wa kawaida, wenye banda uani na Jumamosi za kupoteza, gari la namna hii lina jina lake. Huitwa mradi.

Neno hilo linatufaa sisi kuliko linavyowafaa wenyewe. Kwao mradi ni kazi iliyopangwa, basi. Kwetu mradi ni kazi iliyopangwa na pia ni sharti: nitalimaliza, mradi nipate afya, nitalimaliza, mradi watoto wakue, nitalimaliza, mradi mvua isiingie bandani. Sijakutana na neno la lugha nyingine linaloieleza hali ya gari hilo, na ya mwenye nalo, kwa ufupi zaidi.

Matangazo ya kuuzia miradi hiyo ni utanzu wa fasihi, na yana kanuni zake kama shairi lilivyo na vina na mizani. Mwuzaji husema kwamba anauza kwa shingo upande. Husema kwamba kazi kubwa imeshafanywa, imebaki ndogo tu. Husema kwamba vipuri vyote vipo kwa kadiri ajuavyo yeye, na katika hayo maneno ya kadiri ajuavyo ndimo ilimojificha hatari yote. Husema kwamba injini ilikuwa ikiwaka vizuri siku gari lilipoegeshwa, bila ya kuitaja siku yenyewe. Na karibu kila mara hutoa sababu: anahamia nyumba isiyo na banda, macho yamepungua nguvu, mke amechoka kungoja, au mwenye gari ni baba, naye ni marehemu. Msomaji anayeyapitia mengi kwa pamoja atagundua kwamba hayazungumzii magari sana. Yanahesabu umri wa watu.

Nitachukua gari moja liwe mfano wetu, kwa sababu historia yake inatugusa hata sisi wa pwani hii. Ni Rover, saluni ya milango minne ya jamii iliyoitwa P4, iliyotengenezwa mjini Solihull, karibu na Birmingham, tangu 1949 hadi 1964, zaidi ya magari 130,000 kwa jumla. Jina la Rover peke yake pengine halimwambii kitu kijana wa leo. Lakini mtajie landrova! Landrova ilitoka 1948 katika kiwanda hicho hicho, kwa fikra ya mhandisi mkuu Maurice Wilks, aliyekuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na jipu chakavu la Kimarekani lililomtumikia huko. Chuma kilikuwa adimu baada ya vita, na serikali ya Uingereza ilikigawa kwa viwanda kwa kuangalia nani anauza bidhaa nje. Aluminiamu ilikuwepo. Basi landrova ikavikwa aluminiamu, ikakusudiwa iwe kibarua cha muda, cha kuingiza fedha za kigeni mpaka magari ya heshima ya kampuni yasimame tena. Magari ya heshima ndiyo haya ya P4. Leo ya heshima mengi yamo mabandani juu ya matofali, na kibarua bado yumo barabarani katika nchi zetu akibeba magunia.

Rover maana yake ni mzururaji, mtu asiyetulia pahala pamoja. Kampuni ilianza kwa baiskeli katika mji wa Coventry, na baiskeli yake ya 1885, kazi ya John Kemp Starley, ndiyo iliyoleta umbo la baiskeli tunaloliendesha hadi leo: magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa, na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Ilienea hata Wapolandi wakaitwaa kuwa nomino yao. Kwao baiskeli yoyote, ya kampuni yoyote, ni rower. Nalo gari la kwanza likatoka 1904. Nembo ya kampuni ilikuwa chombo cha Waviking, omo imeinuka na tanga limetanda. Kwa watu wa visiwani si jambo dogo kwamba saluni ya bara, iliyotengenezwa mahali pasipo na bahari, ilitembea na jahazi kwenye pua.

Waingereza waliipa P4 jina la utani la Auntie, na hapa mfasiri anakwama kwa muda. Kiingereza hakitofautishi dada wa baba na dada wa mama. Sisi tunatofautisha, na tofauti yenyewe ni ya tabia. Mama mdogo ni wa kudekeza. Shangazi ni wa upande wa baba, anakuja na haki zake, anakagua nyumba, anauliza kwa nini mtoto hajahitimu. Nimeamua kwamba Rover hii ni shangazi. Ukiitazama ilivyo ndefu na nzito, boneti limesimama wima, milango ya nyuma ikifunguka kinyume na ya mbele, ngozi nzito vitini na ubao uliopigwa varnishi mbele ya dereva, huwezi kuiita mama mdogo. Lilikuwa gari la daktari wa mtaa, la meneja wa benki na la mwanasheria. Katika matoleo mengi kulikuwa na trei ya zana chini ya dashibodi, inayovutwa kama mtoto wa meza, na ndani yake kitanda laini kilichokatwa shimo la umbo la kila spana. Spana moja ikikosekana, shimo lake linakutazama. Nani mwingine hupanga vitu hivyo kama si shangazi?

Lakini katika ujana wake alikuwa na mambo. Umbo lake la kwanza lilitokana na Studebaker ya Marekani, ambayo kampuni iliagiza ili kuichunguza na hata ikaipachika bodi yake juu ya chasisi ya Rover kwa majaribio. Toleo la kwanza, lililoitwa 75, lilikuwa na taa ya tatu katikati ya pua hadi 1952. Na mwaka 1950, kutokana na P4 hiyo hiyo, kampuni iliunda gari la kwanza ulimwenguni lililoendeshwa kwa injini ya tabo, kama ya ndege. Waliliita JET 1. Lipo hadi leo katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi mjini London. Rover ilikuwa imeshughulika na injini za jeti wakati wa vita kabla ya kuikabidhi kazi hiyo kwa Rolls-Royce, na inaelekea mikono ilikuwa bado inawawasha.

Sasa tuingie chini ya gari, maana ndiko maradhi yanakoanzia. P4 ilijengwa kwa namna ya kale: chasisi nzito ya chuma chini, bodi ya chuma juu yake, na kwa miaka mingi milango, boneti na mlango wa buti vilikuwa vya aluminiamu, kwa sababu ile ile ya uhaba. Metali mbili zinapogusana penye maji ya chumvi, moja huila nyingine. Sisi tunaoishi na chumvi tumeyaona hayo katika madirisha na mapaa yetu. Waingereza nao huimwaga chumvi barabarani kwa makusudi kila majira ya baridi ili kuyeyusha barafu, kisha wakayapitisha magari yao juu yake. Chuma huvimba kutu nyekundu, aluminiamu hutoa unga mweupe, na rangi ya juu inaendelea kung'aa kama kwamba hakuna lililotokea. Gari lililosimama mbele ya nyumba likionekana zima, ukiligonga kwa bisibisi kwenye chasisi, bisibisi huzama.

Hivyo ndivyo lilivyoingia bandani. Ukaguzi wa lazima wa usalama ulianzishwa Uingereza 1960, kwanza kwa magari yenye umri wa miaka kumi au zaidi, ukitazama breki, usukani na taa. Mwaka 1967 umri ukashushwa hadi miaka mitatu, na baadaye kutu ya mwili nayo ikaingizwa katika hesabu. P4 ya 1955, iliyokwisha kubadilisha mikono mara tatu kutoka kwa daktari hadi kwa karani hadi kwa mwanafunzi, ilifeli ukaguzi, na gharama ya kuichomelea chasisi ikawa kubwa kuliko bei ya gari zima. Wakati huo Rover yenyewe ilikwisha kumpita shangazi wake. Ile saluni mpya, Rover 2000, ilizinduliwa 1963 na mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya, ya kwanza kutolewa. Nyingi za P4 ziliuzwa kwa vyuma chakavu. Nyingine zilisukumwa bandani na mtu aliyesema: nitalishughulikia.

Kulifungua gari ni furaha, na wafufuaji wenyewe wanalijua hilo. Kila nati inayolegea ni ushindi. Kwa siku chache mtu huona maendeleo makubwa: jana palikuwa na gari, leo pana sakafu iliyojaa vitu. Kisha inaanza kazi ya kweli, nayo haina sherehe. Kukata bati lililooza na kushona jipya. Kutafuta mpira wa mlango ambao hautengenezwi tena. Kupeleka bampa kuchovywa upya na kuambiwa bei. P4 haikupata kuwa gari la kifahari la kugombaniwa na matajiri kama Jaguar. Mwenye kuimaliza mara nyingi huwa ametumia fedha nyingi kuliko atakazopata akiiuza. Kwa hiyo anayeanza hana kisingizio cha biashara. Ana mapenzi tu, nayo hupanda na kushuka kama maji ya bahari.

Ninalotaka kulieleza hasa ni kile kinachopotea siku gari hilo linapohama. Chuma hakipotei, chuma kinapakiwa juu ya lori na maboksi yake na kinafika. Kinachobaki nyuma ni mpangilio. Mtu aliyefungua gari kwa mikono yake ana ramani kichwani: anajua kwamba skrubu zile tatu fupi ni za kishikizo cha taa na ile ndefu ni ya pembeni, kwamba bawaba ya kulia iliwekewa kibati chembamba chini yake kwa sababu mlango ulikuwa ukining'inia tangu kiwandani, kwamba waya uliokatwa karibu na usukani haukukatwa kwa bahati mbaya. Hayo hayaandikwi. Kitabu cha kiwanda kinaeleza gari lilivyopaswa kuwa. Hakielezi gari hili lilivyokuwa. Injini ya P4 ina vali za kuingizia hewa juu na za kutolea moshi ubavuni, mpango ambao mafundi wa leo wengi hawajauona hata mara moja, na mtu anayeipokea imekwisha fumuliwa inambidi ajifunze kusoma kabla ya kujifunza kuandika. Mwuzaji, hata akiwa mkweli na mkarimu, hukaa na mnunuzi saa mbili, wakanywa chai, akamweleza anachokumbuka. Kufika usiku nusu imeshatoka.

Mnunuzi naye, asubuhi yake, hufanya lile ambalo kila fundi hulifanya tangu Ng'ambo hadi Birmingham. Analitazama gari, anatikisa kichwa, anauliza: nani aliyekufanyia kazi hii? Anakata mshono wa mtangulizi wake na kuanza upya. Miradi mingine imeanzwa mara tatu au nne bila ya kusogea. Sisi wafasiri ni wa kundi hilo hilo, tena wa mbele. Hatujui kuanza kazi bila ya kumtukana aliyetutangulia. Wa heshima katika fani yetu ni yule anayejirudia mwenyewe, kama Mwalimu Nyerere alivyoitoa tafsiri yake ya Julius Caesar 1963 kisha akaifungua tena na kuichapisha upya 1969.

Washairi wa pwani walikuwa na adabu nyingine. Katika takhmisi, mshairi huyachukua mashairi ya mwenziwe, aghalabu aliyekufa zamani, akaongeza mishororo mitatu yake kwa kila miwili ya yule, ikawa ubeti wa mitano. Ndivyo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alivyoutia mkono wimbo wa Liongo. Sharti la takhmisi ni kwamba mishororo ya marehemu haiguswi. Unaweza kuwa na kipaji kumshinda. Hata hivyo unafuata kina chake, naye anabaki na neno la mwisho katika kila ubeti. Nimewaona katika maandishi ya wafufuaji wa Kiingereza wachache wenye adabu hiyo: wanaouacha mshono wa mtangulizi palipo imara hata kama si mzuri wa kutazama, wanaolipaka mafuta bati lenye rangi ya zamani badala ya kulikwangua. Ni wachache. Walio wengi wanataka gari liwe kama lilivyotoka Solihull, tena likang'ae kuliko lilivyotoka.

Swali la gari lipi ndilo lenyewe si la falsafa tu. Limeandikwa katika sheria. Kwa miaka mingi, hadi 2025, idara ya magari ya Uingereza ilitumia hesabu ya pointi kwa magari yaliyobadilishwa sana. Chasisi ilikuwa na pointi 5. Springi na mfumo wake 2, ekseli 2, gia 2, usukani 2. Injini ilikuwa na 1. Ili gari libaki na namba yake ya asili lilihitaji pointi 8, na chasisi iwemo. Mtazame mtunga sheria: injini, ambayo sisi tungeiita moyo, aliipa pointi moja! Waundaji majahazi wetu wangemwelewa. Tanga hubadilishwa, mbao hubadilishwa moja baada ya moja hadi hakuna hata moja iliyoona maji ya kwanza, lakini mkuku ukiwa ule ule chombo ni kile kile na jina lake ni lile lile.

Na jina la gari ni namba yake. Chini ya sheria ya 1920 kila gari lilikuwa na kitabu cha usajili kilichotolewa na halmashauri ya wilaya, na ndani yake yaliandikwa kwa mkono majina ya kila aliyelishika, anwani yake na mhuri wa tarehe. Ukikipata kitabu cha P4 ya 1950 unaweza kulifuata gari mtaa kwa mtaa. Katika miaka ya 1970 usajili wote ukahamishiwa mji wa Swansea, kwenye kompyuta, na wenye magari wakatakiwa wajiandikishe upya. Mlango ulifungwa tarehe 30 Novemba 1983. Gari lililokuwa limelala bandani siku hiyo, vipande vipande, mwenyewe mgonjwa au msahaulifu, likakosa kuwemo. Kwa serikali likawa halipo. Halmashauri nyingi zikatupa madaftari yao ya zamani. Mengine yakaokolewa na hifadhi za nyaraka. Kuna fomu ya kulidai jina lililopotea, nayo inataka ushahidi, na ushahidi bora ni kile kitabu cha zamani. Ndiyo maana mnunuzi mjuzi wa mradi haulizii injini kwanza. Anaulizia karatasi.

Wengine waliziuza namba zenyewe. Namba fupi za zamani, zisizoonyesha mwaka, zilipata soko miongoni mwa watu wanaopenda herufi za majina yao, na thamani ya namba ikapita thamani ya gari lililoivaa. Watu walinunua gari bovu bandani, wakaivua namba, wakaipeleka kwenye gari jipya, na lile la kale likapewa namba nyingine au likatupwa. Baadaye serikali iliziba ufa kidogo kwa kuamua kwamba namba iliyorudishwa kwa ile fomu haiwezi kuhamishwa tena.

Katika cheti kinachotumika sasa kuna neno moja linalostahili kusimamiwa. Hakimtaji mwenye gari. Kinamtaja mtunzaji, na kinaonya wazi kwamba si ushahidi wa umiliki. Miliki ni jambo la risiti na la mahakama. Serikali inataka kujua gari liko mikononi mwa nani. Pia kinataja idadi ya watunzaji waliotangulia. Kwa hiyo mtu aliyenunua mradi, akauweka miaka kumi na tano bila ya kufunga hata nati moja, akauuza, anaingia katika hesabu sawasawa na yule aliyeuendesha kwenda harusini. Tangu mwisho wa Januari 1998 mtunzaji ana wajibu wa kuiarifu serikali kwamba gari lake haliko barabarani. Yale yaliyokwisha kusimama kabla ya siku hiyo na hayajatembea tena yakaachwa yalale.

Kampuni yenyewe iliuzwa namna hiyo hiyo, ila kwa kiwango kikubwa. Rover iliingia chini ya Leyland 1967, mwaka uliofuata ikamezwa na British Leyland, na 1975 serikali ikalazimika kulitwaa shirika zima lisife. Mwaka 1988 liliuzwa kwa British Aerospace, 1994 kwa BMW ya Ujerumani. Kila mtunzaji alikuja na mipango yake na akaikuta kazi ya mtangulizi haimpendezi. BMW walitumia fedha nyingi kuunda saluni mpya, wakaitoa 1998 na kuipa jina la kale la 75, jina la shangazi. Haikupita miaka miwili wakachoka. Mwaka 2000 landrova iliuzwa kwa Ford, na kampuni ya magari madogo ikakabidhiwa kikundi cha wafanyabiashara wa Kiingereza kwa pauni 10. Naam, pauni kumi. Ni bei ya mradi ambao mwuzaji anataka uondoke uani. Hata mitambo ya kuundia 75 ilibidi ing'olewe kiwanda cha Cowley, ambacho BMW walibaki nacho, ikafungwe upya Longbridge.

Aprili 2005 kampuni ilianguka, na watu wapatao 6,000 wakapoteza kazi. Kilichofuata ndicho kinachonifanya niione historia hii kuwa moja na ile ya mabandani. Kampuni ya SAIC ya Shanghai ilikuwa imeshanunua haki za michoro ya 75 mwaka 2004, kwa pauni milioni 67. Mitambo ya kiwanda ilinunuliwa 2005 na kampuni nyingine ya Kichina, ya Nanjing, ambayo ilituma watu wake Longbridge wakaifungua bolti kwa bolti, wakaitia makontena, ikasafirishwa. Jina la Rover lilikuwa bado mikononi mwa BMW. Ford walilinunua 2006 ili kulilinda lile la Land Rover. Kwa hiyo wa Shanghai alikuwa na michoro bila ya mitambo, wa Nanjing alikuwa na mitambo bila ya haki ya michoro, na jina hakulipata hata mmoja wao. Saluni moja ya Kiingereza ikatoka China mara mbili, kwa majina mawili: Shanghai wakaitoa 2006 wakaiita Roewe 750, neno walilolitunga likakaribiana na lile walilonyimwa, Nanjing wakaitoa 2007 wakaiita MG 7. Mwishoni mwa mwaka huo wakubwa wawili hao wakaungana na sehemu zikakutana.

SAIC walijua jambo moja ambalo mnunuzi wa banda hulijua akishachelewa. Walipokuwa na michoro tu, waliwaajiri wahandisi waliokuwa wa Rover, kule kule Uingereza, ili waambiwe yale ambayo michoro haisemi.

Jina la Rover, pamoja na Land Rover na Jaguar, lilihamia kwa Tata ya India 2008. Halijatumika kwenye saluni yoyote tangu hapo. Landrova ya umbo tulilolizoea iliacha kutengenezwa Solihull Januari 2016, na mrithi wake anaundwa Slovakia. Longbridge sehemu kubwa imebomolewa ikajengwa nyumba na maduka.

P4 zilizobaki zina chama chao, Rover P4 Drivers' Guild, na wanachama wake wanajuana kwa vipuri kuliko kwa majina. Tangu Mei 2018 gari lililopita miaka 40 na lisilobadilishwa sana halilazimiki tena kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka, kwa hiyo ule mlango uliowatoa barabarani mashangazi wengi sasa uko wazi. Miradi inaendelea kuhama. Anayefikisha mmoja nyumbani kwake huanza kwa kutandika turubai na kuyamwaga maboksi moja moja, akisoma maandishi ya mtu asiyemjua: taa za mbele, breki kushoto, mbao za milango. Maandishi ya maboksi ya kwanza huwa mazuri, ya mtu mwenye matumaini. Baadaye yanakuwa ya haraka. Na karibu kila mradi una boksi la mwisho, zito kuliko yote, lililoandikwa neno moja, mengineyo, na mtu aliyekuwa akikijua kila kilichomo.